Wanafunzi wanakokotoa densiti bila kuielewa: tuwasaidieje?

Mwalimu wa Kyela anauliza:

Walimu wenzangu, habari za kazi. Ninafundisha Fizikia Kidato cha Kwanza katika shule ya kata wilayani Kyela, na kwa miaka mitatu mfululizo mada ya densiti imenishinda kwa namna ileile. Wanafunzi wangu hukariri kanuni kwa siku moja: tungamo gawanya kwa ujazo. Nikiwapa kipande cha alumini chenye tungamo la gramu 54 na ujazo wa sentimita za ujazo 20, karibu darasa zima hupata 2.7, na wengi huandika kizio bila kukumbushwa. Mtu akichungulia dirishani atasema hawa wameiva.

Juzi niliongeza swali moja tu. Niliwaambia kuwa kipande kilekile kimekatwa katikati kwa msumeno, nikauliza densiti ya kila nusu ni ngapi. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika 1.35. Msichana mmoja makini, ambaye ni nadra kukosea hesabu, alinieleza kwa utulivu kabisa kwamba kitu kikigawanywa mara mbili, kila kilicho ndani yake kinagawanyika mara mbili. Aligawanya tungamo, wala hakukumbuka kwamba ujazo nao umegawanyika.

Swali la pili ndilo lililoninyima usingizi. Nilimimina mafuta ya kula juu ya maji katika glasi, wote wakaona mafuta yakikaa juu, kisha nikauliza ni kipi chenye densiti kubwa. Wengi walijibu mafuta. Nilipotaka sababu, nikaambiwa: "Mafuta ni mazito, mwalimu, tazama yanavyomiminika polepole." Walikuwa wameyaona kwa macho yao yakielea, na bado jibu likawa lilelile.

Maabara yetu ina mizani moja isiyotulia na silinda mbili za kupimia. Naomba ushauri wa wenye uzoefu: nianzie wapi ili mwanafunzi aione densiti kuwa sifa ya dutu yenyewe, badala ya kuiona kuwa jibu la hesabu ya kugawanya? Na je, kuna matumizi ya kweli yaliyo karibu na watoto hawa kuliko habari ya Archimedes na taji la mfalme wa Sirakusa, ambayo naisimulia kila mwaka na husikilizwa kama ngano?

Mzee wa Kilwa anajibu:

Mwalimu mwenzangu, pole na kazi. Nimefundisha Fizikia hadi nilipostaafu, na naona maswali yako mawili yana mizizi miwili tofauti. Afadhali uing'oe mmoja baada ya mwingine.

Nianze na mafuta. Kosa la wanafunzi wako si la uvivu wa kufikiri; wanazungumza Kiswahili sanifu, na Kiswahili kinawaruhusu kusema walivyosema. Sisi husema mzigo mzito, tukimaanisha unaolemea bega. Husema uji mzito, tukimaanisha usiomiminika upesi. Kisha tunasema mpingo ni mti mzito kuliko mninga, na hapo ndipo pekee tunapokusudia densiti, kwa sababu hatulinganishi gogo na gogo fulani, tunalinganisha mti na mti. Neno moja limebeba mambo matatu. Mtoto aliyetoka shule ya msingi akiwa na neno hilo moja, akaingia sekondari na kukutana na somo kwa Kiingereza, atachukua maana aliyoizoea zaidi jikoni, ambayo ni ya uji. Mimi nilikuwa natenga kipindi kizima kwa neno hili. Naandika ubaoni "mzigo mzito", "uji mzito", "mti mzito", kisha kila kundi linaeleza lingepimaje kila kimoja: cha kwanza kwa mizani, cha pili kwa kuhesabu sekunde zinazopita kikimiminika, cha tatu kwa mizani pamoja na kipimo cha ujazo. Baada ya kipindi hicho, mwanafunzi akisema mafuta ni mazito, wenzake wenyewe humuuliza: "Mazito kama mzigo, kama uji, au kama mti?"

Sasa kuhusu nusu ya alumini. Hapa Kilwa tuna bahati ya mpingo. Nilikwenda kwa seremala nikamwomba mabaki, akanikatia michemraba ya sentimita nne kila upande, mmoja wa mpingo na mmoja wa mninga, yaani sentimita za ujazo 64 kila mmoja. Wa mpingo ulikuwa na gramu kati ya 75 na 80, wa mninga karibu nusu ya hapo. Mwanafunzi akiishika miwili kwa mikono miwili huku amefumba macho, uso wake hubadilika kabla hujasema neno. Ukiitia majini, mninga unaelea na mpingo unazama. (Hakikisha seremala amekupa kiini cheusi, ule weupe wa pembeni ni mwepesi zaidi.)

Lakini usiishie hapo, kwa maana ukiishia hapo watabaki na imani kwamba kilicho kizito ndicho kinachozama. Chukua ubao mkubwa wa mninga, wa kilo mbili au tatu, uuweke katika beseni pana. Unaelea. Kisha banua kibanzi cha mpingo kisichozidi njiti ya kiberiti, uwaulize kabla hujakiachia. Nimefanya hivyo miaka mingi, na kila mwaka wengi walisema kibanzi kitaelea kwa sababu ni kidogo. Kilipozama hadi chini, darasa lilinyamaza. Ukimya ule ndio wakati wa kufundisha.

Baada ya hapo waletee vipande vya mpingo vya ukubwa mbalimbali na vya mninga vivyo hivyo, wapime tungamo na ujazo wa kila kimoja, wachore grafu, tungamo wima na ujazo mlalo. Vipande vyote vya mpingo vitajipanga karibu na mstari mmoja ulionyooka unaoanzia sifuri, vya mninga kwenye mstari mwingine uliolala zaidi. Kati yake wachore mstari wa maji, gramu moja kwa kila sentimita ya ujazo. Kilicho juu ya mstari wa maji kinazama, kilicho chini yake kinaelea. Hapo ndipo umwite yule msichana wako ubaoni, umwambie: "Kata kipande hiki katikati, unionyeshe nukta yake inakwenda wapi." Ataisogeza chini kwa sababu tungamo limepungua, kisha kushoto kwa sababu ujazo umepungua, na ataona kwa kidole chake mwenyewe kwamba nukta imeteleza juu ya mstari uleule. Densiti ni ule mwinamo, na msumeno hauwezi kuubadilisha. Baada ya hapo kanuni utaifundisha kwa dakika tano.

Mwalimu wa Dodoma anajibu:

Shikamoo Mzee wa Kilwa. Nimejifunza kitu kuhusu neno "nzito" ambacho sikuwahi kukitazama hivyo, na nitakitumia. Hata hivyo naomba nitofautiane nawe kidogo kuhusu kuchelewesha kanuni. Ninao wanafunzi zaidi ya tisini katika mkondo mmoja na vipindi vichache, na mtihani hauulizi nukta iliteleza wapi, unauliza hesabu. Mimi hutanguliza kanuni, halafu majaribio huja kuithibitisha.

Ninachopenda kuongeza ni kuhusu vizio, kwa sababu alama nyingi hupotelea huko. Mwanafunzi anakubali kwamba gramu moja kwa sentimita ya ujazo ni sawa na kilogramu 1,000 kwa mita ya ujazo, lakini anakubali kama anavyokubali tangazo. Nimeona tangi la maji likisaidia. Karibu kila shule ina lile la plastiki la lita 1,000. Wapeleke nje, wapime kwa rula na kamba mchemraba wa mita moja kila upande, wakubali kwamba lita zile 1,000 zingeujaza sawasawa, kisha uulize tangi likijaa maji lina kilo ngapi. Wangu walikadiria kilo 100, wengine 200. Ni tani nzima, na ndiyo maana fundi hakubali kuliweka juu ya mbao chakavu. Tangu siku hiyo hawaandiki tena kwamba densiti ya maji ni kilogramu moja kwa mita ya ujazo, kwa sababu wamesimama mbele ya mita ya ujazo yenyewe.

Mwalimu wa Kakamega anajibu:

Hamjambo walimu. Ninafundisha sayansi katika sekondari msingi huku magharibi mwa Kenya, na nitajibu lile la vifaa, kwa kuwa naona mwenzetu wa Kyela amelitaja kwa mstari mmoja tu ilhali ndilo linalowakatisha tamaa wengi.

Mizani unaweza kuitengeneza. Chukua rula ya mbao ya sentimita 30, itoboe katikati, uining'inize kwa uzi, kisha kila mwisho ufunge kikopo cha mtindi kwa nyuzi tatu. Ikiinama upande mmoja, bandika kipande kidogo cha gundi ya karatasi upande wa pili hadi itulie. Huna haja ya kununua mawe ya mizani, kwa sababu mililita moja ya maji ina gramu moja. Weka kitu chako katika kikopo kimoja, na katika kikopo cha pili tia maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogo kidogo, hadi rula ilale sawa. Mililita ulizotia ndizo gramu za kitu chako. Wanafunzi wangu hupima kwa njia hii kwa kukosea gramu moja hivi, na kuna faida ambayo sikuitarajia: kwa kuwa wanapima tungamo kwa kutumia ujazo wa maji, wanaanza wenyewe kuuliza kwa nini jiwe dogo linahitaji maji mengi kuliko ukubwa wake. Hilo swali ndilo densiti.

Kwa ujazo, kata chupa ya maji ya nusu lita sehemu ya juu, toboa tundu karibu na ukingo, ingiza kipande cha mrija kikiinama kuelekea chini, uzibe pembeni kwa nta. Jaza maji hadi yaache kutoka mrijani, subiri tone la mwisho lianguke, ndipo ushushe kitu kwa uzi na kukinga maji yanayotoka. Haraka ya kutosubiri lile tone huharibu kazi ya kundi zima. Vilevile watazame viputo vya hewa vilivyonatia kwenye kitu, kwa kuwa kila kiputo kinahesabiwa kama ujazo. Na usiwape kokoto moja ya sentimita za ujazo tatu, maana kosa la nusu mililita hapo ni kubwa mno; wape kokoto kumi za aina moja wazipime kwa pamoja.

Kuhusu kanuni kutangulia au kufuata, mimi nipo upande wa Mzee wa Kilwa, ila namwelewa mwenzetu wa Dodoma. Darasa la watoto tisini si jambo dogo. Labda jaribio la kibanzi na ubao, ambalo mwalimu hulifanya mbele mara moja, lichukue dakika kumi za kwanza, na mengine yafuate kadiri nafasi inavyoruhusu.

Mpokea Maziwa, Tanga, anajibu:

Salaam kwenu. Mimi nilisomea ualimu, lakini sasa nafanya kazi katika kituo cha kukusanyia maziwa, na densiti ndiyo inayonilisha. Mwalimu wa Kyela aliomba matumizi ya kweli, nami nayashika mkononi kila alfajiri.

Mfugaji akifika, natia maziwa yake katika silinda ndefu, nadumbukiza laktomita, yaani kipimo kinachoelea ndani ya maziwa na kuonyesha densiti yake, nasubiri itulie, nasoma. Maziwa halisi ya ng'ombe husoma kati ya 28 na 32, yaani densiti ya 1.028 hadi 1.032. Mtu akichanganya sehemu tisa za maziwa ya 1.030 na sehemu moja ya maji, kipimo kinashuka hadi 27. Wape wanafunzi hesabu hiyo waifanye wenyewe, kisha wape hii ngumu zaidi, ambayo iliwahi kunitokea na nikapokea maziwa mabaya. Mafuta ya maziwa ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo ukiengua malai, densiti ya yanayobaki inapanda hadi karibu 1.035. Sasa chukua sehemu sita za maziwa hayo yaliyoenguliwa, uongeze sehemu moja ya maji. Unarudi kwenye 1.030 kamili. Laktomita inasoma vizuri, na mteja ameibiwa mara mbili, mafuta na maji. Ndiyo maana laktomita peke yake haitoshi na lazima mafuta nayo yapimwe. Mwanafunzi akiweza kueleza wizi huo kwa maneno yake, ameielewa densiti kuliko mimi nilivyoielewa nikiwa chuoni.

Mnaweza kutengeneza kipimo cha namna hiyo kwa mrija wa kunywea soda. Ziba mwisho mmoja kwa udongo au nta, tia mchanga mkavu kidogo hadi usimame wima majini, kisha weka alama pale maji yanapofika. Tuseme umezama sentimita 10 katika maji. Katika mafuta ya kula, ambayo densiti yake ni karibu 0.92, utazama karibu sentimita 10.9, katika maji ya chumvi utainuka. Ukigawanya 10 kwa kina unachosoma, unapata densiti ya kimiminika chenyewe. Lakini wajaribu na maziwa pia. Watapata kina cha sentimita 9.7, tofauti ya milimita tatu tu, ambayo macho hayaiamini. Hapo wawekee laktomita ya kweli mezani, wenye kituo cha maziwa karibu hawatawanyima kuiazima, uwaulize kwa nini ina tumbo nene chini na shingo nyembamba juu. Nimewahi kuona kijana wa miaka kumi na minne akilijibu swali hilo baada ya kuugeuza mrija wake mara mbili mkononi: shingo ikiwa nyembamba, inabidi ipande sana ili ujazo uliozama upungue kidogo tu.

Mwalimu wa Kyela anarejea:

Walimu wangu, nimechukua wiki tatu kabla ya kurudi kwa sababu nilitaka kujaribu kwanza. Nawashukuru sana, na wewe Mzee wa Kilwa, shikamoo.

Kipindi cha neno "nzito" nilikifanya kama ulivyoeleza, na sikuhitaji kurudia jaribio la mafuta. Mvulana mmoja alilirudia mwenyewe bila kuombwa, akasema mafuta ni mazito kama uji lakini si mazito kama mti. Mpingo sikuupata huku, nikatumia jiwe jepesi la volkano lenye vitundu, lile watu wanalosugulia miguu, pamoja na kokoto ndogo ya mtoni. Jiwe la ukubwa wa ngumi likaelea na kokoto ya ukubwa wa harage ikazama, na ukimya ulikuja kama ulivyosema. Kwenye grafu nilitumia misumari na vipande vya sabuni ya kipande. Yule msichana alisogeza nukta yake, akasimama kidogo, akasema: "Kumbe 1.35 ingekuwa kitu kingine kabisa, isingekuwa alumini." Sikuongeza neno.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hatukuwa tumelizungumza hapa. Mwanafunzi aliuliza kwa nini meli za Ziwa Nyasa zinaelea ilhali ni za chuma, na densiti ya chuma tumeisoma kuwa karibu 7.9. Nilitafuta kizibo cha soda, nikakiweka taratibu juu ya maji kikiwa kimetazama juu. Kikaelea. Nikakitoa, nikakigonga kwa nyundo hadi kikawa bapa, nikakirudisha. Kikazama papo hapo. Waligawanyika: kundi moja likasema nyundo imeongeza densiti ya chuma, kundi la pili likasema chuma ni kilekile, kilichoondoka ni hewa. Sikuamua. Niliwapa mizani ya rula ya mwalimu wa Kakamega, wakapima kizibo kizima na kilichopondwa, wakakuta gramu zilezile. Kisha wakajaza maji ndani ya kizibo kizima kwa bomba la sindano ili wajue kinabeba hewa kiasi gani. Walipojumlisha ujazo wa hewa na ujazo mdogo wa chuma, wakagawanya, walipata jibu lililo chini ya moja. Kundi la kwanza lilikubali lenyewe.

Sasa tupo kwenye mpunga. Hapa Kyela kila mtoto anajua mbegu, na wapo wakulima wanaochagua mbegu kwa maji ya chumvi. Tumeongeza chumvi ndooni huku tukikoroga hadi yai bichi jipya, ambalo lilikuwa limelala chini, likapanda na kuonyesha kichwa cha ukubwa wa sarafu. Kabla ya hapo walikuwa wamelipima yai hilo: gramu 54, sentimita za ujazo 50, kwa hiyo walijua kwamba maji yamevuka 1.08 bila kuwa na kipimo kingine chochote. Tulimimina mbegu, zile pepe zikaelea, zilizojaa zikazama. Wanafunzi walitaka kuzitupa zilizoelea, nikawazuia. Tumezisuuza zote kwa maji baridi ili chumvi itoke, tumepanda hamsini za kila aina katika makopo mawili yaliyo dirishani mwa maabara, na kila asubuhi kabla ya paredi kuna kundi linalokwenda kuhesabu zilizochipua.